Miti bilioni 15 na mikoko ya Lamu: tuhesabu iliyopandwa au iliyoshika?

Mwanzisha uzi, Amu:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na heri kwa wasomaji wote wa jamvi hili.

Nyumba niliyozaliwa, mtaani Mkomani hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ina vyumba virefu na vyembamba, na mgeni akiingia huuliza kwa nini aliyejenga hakuvipanua walau kwa hatua moja. Jibu liko juu ya kichwa chake. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya urefu wake, kwa hivyo upana wa chumba uliamuliwa msituni kabla ya fundi kuchimba msingi. Ndiyo maana kila serikali inapotangaza kwamba inapanua sekta ya misitu, mimi huisikia habari hiyo kama mtu anayezungumziwa nyumba yake. Ningependa tuijadili kwa utulivu, kwa takwimu zinazojulikana na kwa yale tunayoyaona wenyewe hapa mwambao.

Kwa wasiofuatilia, mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua huko Ngong mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Shabaha ni kwamba sehemu ya nchi inayofunikwa na miti, ambayo ilikuwa asilimia 12.13, ifike asilimia 30. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, iliiagiza serikali ifikishe na kudumisha angalau asilimia 10, kwa hivyo katika maandishi Kenya ilikuwa imekwisha kulivuka agizo hilo. Lakini ile asilimia 12.13 inachanganya hata miti iliyotawanyika mashambani, na ukiuliza misitu yenyewe utaambiwa ni asilimia 8.83. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni jambo la kukumbuka, kwa kuwa kiongozi akisimama jukwaani huitaja ile inayompendeza.

Bilioni 15 ni neno jepesi mdomoni. Ukiligawa kwa watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja, pamoja na mtoto aliye mgongoni, anadaiwa miti 315, yaani zaidi ya 30 kila mwaka kwa miaka kumi. Serikali imejaribu kulibeba deni hilo. Iliunda idara maalumu ya misitu yenye katibu wake, ikatoa programu ya simu iitwayo Jaza Miti inayomwelekeza mpandaji mti unaofaa mahali alipo, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangaza siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miche milioni 100 kwa siku moja. Silidharau hata moja kati ya hayo. Kinachonisumbua ni kwamba hesabu yote imewekwa upande wa kupanda, ilhali mkulima wa huku kwetu, wa vijiji vya Hindi au Mkunumbi, hahesabu punje alizozifukia. Huhesabu magunia aliyoyaingiza ghalani.

Mwaka jana, wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, nilimsindikiza ami yangu, mzee aliyekata boriti tangu ujana wake, tukaingia kwa mtumbwi katika hori moja, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, upande wa bara. Maji yalikuwa yamekupwa hadi tope limebaki wazi, na juu ya tope hilo tukaona mistari iliyonyooka kama ya daftari, mistari ya miche iliyopandwa miaka miwili nyuma na kikundi kilichokuja kwa mashua tatu, fulana za rangi moja na mpiga picha. Ami alishuka, akazama hadi magotini, akaung'oa mche mmoja kwa vidole viwili bila kutumia nguvu. Shina lilikuwa limevikwa magamba ya wale vijidudu wagumu wanaoganda kwenye matumbo ya mashua, mpaka likawa zito kuliko mizizi yake. Tulitembea mistari mitatu, na katika kila mstari sikupata miche hai inayozidi vidole vya mkono mmoja. Ami hakukasirika. Alisema tu, "Hapa ni pa mlilana. Mkoko waletwa kufanya nini?"

Naomba nilieleze neno lake, kwa kuwa ndani yake mna sababu nzima ya kuanzisha uzi huu. Kwa mtu wa bara, mikoko ni mikoko. Kwa aliyeikata, mkoko ni mti mmoja tu katika ukoo wa miti tisa inayomea Kenya. Mlilana husimama mbele kabisa ukiikabili bahari. Nyuma yake hufuata mkoko wenye mizizi ya upinde, kisha muia, kisha mkandaa, na mchu huvumilia hata kule nyuma kwenye chumvi kali, ambako maji hayafiki ila kwa bamvua. Kila mti hukaa mahali pake kwa kadiri ya saa ambazo maji huufunika. Sasa katika ukoo wote huo, mbegu ya mkoko ndiyo nyepesi kuokotwa. Huota ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama, ndefu na ya kijani, hudondoka ikiwa tayari mche, na mtu mmoja aweza kujaza gunia kabla ya adhuhuri. Mwenye shabaha ya idadi huchukua mbegu iliyo rahisi na kuipeleka mahali palipo wazi, wala haulizi kwa nini mahali hapo pamebaki wazi miaka yote hiyo.

Yako maeneo ambayo kweli yalikuwa na mikoko na yakaipoteza, na huko kupanda kuna maana, lakini huko nako kinachotangulia ni maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi pale Mwache, Mombasa, kwa kuwa mchanga na tope la kutoka bara vilifukia mizizi inayopumua. Mtu akizibiwa njia ya maji kwa barabara, kwa bwawa la chumvi au kwa kifusi, mikoko yake hufa ikiwa imesimama, na hata akipanda miche elfu juu ya mahali hapo atakuwa anaipeleka makaburini. Njia ikifunguliwa, mara nyingi mbegu huletwa na maji yenyewe bila fulana wala hotuba.

Pengine mtu atauliza kwa nini jambo la mahori yetu liwe la taifa. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271 nchini kote. Kati ya hizo, 37,350 ziko Lamu. Kilifi, tukihesabu Mida na Ngomeni, ina 8,536, Kwale 8,354, Mombasa 3,771 na Tana River 3,260. Kwa hivyo kila serikali isemapo mikoko ya Kenya, zaidi ya nusu ya maneno yake inatuhusu sisi, na bado sisi ndio tunaoitwa siku ya kupanda na kusahauliwa siku ya kupanga.

Historia yetu na serikali katika msitu huu ni ya kufungiwa. Mwaka 1932 mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali ya wakati ule. Majahazi yaliendelea kupakia boriti na kuondoka na kusi kwenda Uarabuni na Ghuba, hadi mwaka 1982 uuzaji wa boriti nchi za nje ulipopigwa marufuku kwa amri ya rais. Februari 2018 ikaja marufuku nyingine, ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, iliyotangazwa kuwa ya siku 90 na kisha ikarefushwa tena na tena. Hofu iliyoileta ilikuwa ya misitu ya milimani na mito inayokauka huko, lakini wakata boriti wa Ndau, Siyu na Kizingitini wakajikuta ndani ya wavu uleule. Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa. Mwezi uliofuata mahakama ikausimamisha uamuzi wake. Mtu anayeishi kwa boriti hawezi kupanga harusi ya mwanawe katikati ya mambo hayo, sembuse kupanga msitu.

Anayekata kihalali hukata kwa leseni, katika eneo alilooneshwa, na mali yake huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Mtu huyo ana sababu yake mwenyewe ya kuuacha mti mwembamba unenepe, maana korija ya boriti ina bei ambayo korija ya fito haiioti. Ukimfungia lango bila kumwambia litafunguliwa lini, sababu hiyo humtoka, na anayeingia mahali pake ni yule anayekata usiku na hachagui. Basi hoja yangu ni hii. Hesabu ya serikali iufuate mche angalau hadi mwaka wake wa tatu, na anayeishi kando ya msitu aandikwe katika hesabu hiyo kama mwenye mali anayevuna kwa utaratibu, badala ya kuwa kibarua wa siku ya picha.

Nakaribisha michango, na hasa ya wanaonipinga.

Mchangiaji, Gongoni:

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Amu. Ninakuunga mkono kwa sehemu kubwa, ila nataka nikuongezee habari ya huku kwetu, kutoka Malindi hadi Marereni, kwa sababu huku miti imeongezeka bila mtu kutangaziwa siku ya mapumziko.

Mti wenyewe ni mvinje. Ukipita barabara ya Malindi utaona mashamba yake pande zote, miti myembamba iliyosimama pamoja kama umati. Hauna haja ya udongo mzuri; mchanga ambao mahindi yanaukataa, mvinje unaukubali, na mizizi yake huurutubisha. Baada ya miaka mitano hivi mwenye shamba anaanza kuuza nguzo kwa wajenzi, na mnunuzi huja mwenyewe na lori hadi shambani. Baba yangu mdogo aliupanda katika ekari mbili alizokuwa akizilima mihogo bila faida, na ada ya shule ya wanawe wawili imetoka humo. Hakuna afisa aliyemwambia apande. Alimwona jirani akilipwa.

Mvinje huo pia umeipunguzia mikoko mzigo, maana nguzo nyingi za kujengea ambazo zamani zingetoka horini sasa zinatoka shambani. Kwa hivyo mimi ningesema serikali ikitaka kufika asilimia 30, ifanye mambo ambayo si ya kupigiwa picha: miche bora kwa bei nafuu, barabara za kufika mashambani, na hati za ardhi. Huku Magarini wapo watu waliokaa vizazi juu ya ardhi wasiyo na karatasi yake. Mtu wa namna hiyo hapandi mbambakofi ambao atauvuna mjukuu wake. Anapanda kitu ambacho hata akihamishwa mwaka kesho hatakuwa amepoteza mengi.

Jambo la pili ni Sabaki. Mvua zinapoanza huko juu, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na wavuvi hapa husema Sabaki umeshuka. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya bara unaoteremka kwa mto Athi na Galana. Hata tungepanda kila kipande cha Ngomeni, tutaendelea kupokea udongo wa watu waliokata miti mamia ya kilomita kutoka hapa. Nadhani hili linatosha kuonesha kwamba mpango wa taifa una maana, ndugu yangu, hata kama utekelezaji wake una kasoro ulizozitaja.

Na mabwawa ya chumvi umeyapitia juu juu. Huku mikoko mingi iliondolewa kupisha mabwawa hayo, na hakuna hata mti mmoja kati ya hiyo uliokatwa na mkata boriti.

Mchangiaji, Mpeketoni:

Nimesoma yote kwa makini, na kwa heshima ninatofautiana na mwanzisha uzi kuhusu marufuku.

Mimi ni mkulima, lakini ninavua pia, na nimeyaona mahori ambayo ukiyatazama kwa mbele ni kijani kitupu, ukiingia ndani ni visiki. Waliofanya hivyo hawakuwa wageni. Wengine walikuwa na leseni mfukoni, wakakata mara mbili ya walichoandikiwa. Matanuri ya chokaa nayo hayachagui kati ya fito na nguzo. Yanataka kuni na moto wa usiku kucha. Ukimwambia mtu huyo kwamba yeye ni mwenye mali, atakuuliza mali hiyo anaweza kuimaliza lini. Walinzi ni wachache, mahori ni mapana, na marufuku ina wema mmoja ambao leseni haina: hata mtoto anaweza kuielewa. Mashua ikionekana na boriti, kuna kosa. Ikishakuwa kuna boriti halali na boriti haramu, kila boriti inakuwa halali.

Kuhusu siku za kupanda nakubaliana nawe, tena nitaongeza. Novemba huku kwetu ni vuli, na vuli yetu si ya kutegemea kama masika. Mwaka 2023 tuliokolewa na El Niño iliyomwaga mvua kuliko kawaida, na hata hiyo ilikuja na mafuriko. Katika mwaka wa kawaida mche wa nchi kavu uliopandwa Novemba hukutana na jua la kaskazi mwezi Januari kabla haujashuka mizizi. Siku ya pili ya mapumziko, tarehe 10 Mei 2024, ilikuwa ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti, na kwa upande wa mvua hiyo ilikuwa tarehe nzuri zaidi kwa pwani, ingawa ilipatikana kwa msiba.

Mwanzisha uzi, Amu:

Ahsanteni sana nyote wawili.

Ndugu wa Gongoni, umenirekebisha mahali nilipopasahau. Mabwawa ya chumvi niliyapitia haraka kwa sababu hayako kwetu, na nakubali kwamba msitu uliogeuzwa bwawa ni hasara kubwa kuliko msitu uliokatwa, kwa kuwa uliokatwa huweza kurudi. Huku kwetu mfano wa karibu ni bandari. Kuchimba kina cha bahari kwa ajili ya bandari ya Lamu kuliharibu sehemu za uvuvi na za mikoko, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Serikali ileile, kwa mkono mwingine, inatafuta asilimia 30. Habari ya baba yako mdogo nayo nitaisimulia kila mahali, maana imeieleza hoja yangu kwa maneno machache kuliko yangu: alimwona jirani akilipwa.

Ndugu wa Mpeketoni, visiki ulivyoviona hata mimi nimeviona, na nisingetaka mtu asome uzi huu akadhani ninawatakasa wakata boriti. Ami mwenyewe hukiri kwamba kuna miaka walikata wasipostahili kukata. Ila angalia kilichotokea kwa marufuku za milimani. Ule mfumo wa shamba, ambao mkulima hupewa kipande cha msitu wa serikali alime kati ya miche mpaka iweke kivuli, ulipigwa marufuku mwaka 1987, ukarudishwa, ukazuiwa tena, ukarudi kwa jina jipya. Kila ulipofungwa, wakulima waliokuwa wakipalilia misonobari ya serikali bila malipo waliondoka, na palizi ikakosa mtu. Kila ulipofunguliwa bila usimamizi, mahindi yaliimeza misonobari. Kwa hivyo kufunga na kufungua vyote viwili vimekwisha kujaribiwa. Ninachokitaka mimi ni kufunga kwa zamu: hori hili lipumzike miaka kadhaa, lile livunwe, na tarehe ya kubadilishana ibandikwe msikitini na kwa chifu ili hata yule mtoto wako aielewe. Sheria ya misitu ya 2016 imeyaachia mlango wazi mashirika ya jamii kusimamia msitu pamoja na serikali, na kazi iliyobaki ni kuuingia mlango huo na mikataba inayosomeka.

Kuhusu matanuri ya chokaa sina jibu zuri. Nyumba za Amu, ambazo dunia iliziandika katika urithi wake mwaka 2001, zilipigwa lipu ya chokaa hiyo, na kila ukarabati wa kweli unaihitaji. Labda kuni za mvinje za ndugu wa Gongoni zipande mashua zije huku. Nalisema hili nusu kwa mzaha.

Mchangiaji, Watamu:

Habari zenu. Nimefurahi kuona mjadala usio na matusi, jambo ambalo siku hizi ni nadra.

Mmeongea kuhusu mikoko na mvinje, na hakuna aliyeitaja Arabuko-Sokoke, ambayo ina kilomita za mraba 420 hivi na ndiyo mabaki makubwa zaidi ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Msitu huo haupandwi kwa siku moja hata wakija watu milioni. Mrihi na muhuhu hukua polepole, na wanyama waliomo, kama yule sange mkubwa mwenye matako ya rangi ya dhahabu, hawatahamia kwenye mvinje. Huko kupanua sekta kuna maana ya kutopunguza kilichopo.

Watu wa Gede waliwahi kutaka msitu huo ugawanywe wapate mashamba, na usiwalaumu, kwa sababu ndovu na nyani walikuwa wakitoka humo kula mahindi yao. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambao wakulima huwafuga vipepeo wa msituni hadi wafikie hatua ya kifuko, kisha vifuko hivyo huuzwa kwa mabustani ya vipepeo ya nchi za nje. Msitu ukifyekwa, kipepeo wa kuanzia hapatikani. Nimewaona akina mama wakivikagua vifuko hivyo kimoja kimoja, wakitoa vilivyooza, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele wa harusi.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: mnaonaje hii biashara ya hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ajili ya ukaa ambao msitu umeuhifadhi? Wamefika watu hapa Mida wakisema mikoko yetu ina fedha ndani ya tope.

Mwanzisha uzi, Amu:

Dada au ndugu wa Watamu, uniwie radhi kwa kutojua nikuiteje; umesema kweli juu ya Arabuko. Ningeiweka pamoja na misitu ya Boni na Dodori huku kwetu, ambako Waaweer wamekula asali na matunda ya msitu kwa vizazi bila kuumaliza, na ambako miaka hii ya ukosefu wa usalama imewaondoa wao ndani ya msitu kuliko ilivyowaondoa wabaya. Katika mpango wa bilioni 15 sijaona safu ya kuandikia miti ambayo watu hawakuikata.

Kuhusu hewa ya ukaa, fedha kwenye tope si hadithi. Mikoko huhifadhi sehemu kubwa ya ukaa wake udongoni, na ndiyo maana msitu mdogo wa mikoko huweza kuuza kuliko mtu anavyotarajia. Gazi, Kwale, wana mradi wa Mikoko Pamoja unaosimamia hekta 117, ulioanza kuuza hati za ukaa mwaka 2013, nao ulikuwa wa kwanza duniani wa namna hiyo kwa upande wa mikoko. Mauzo yake yanatokana na tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na sehemu ya mapato imekwenda kwenye maji ya bomba na shule. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba walipanda pia mvinje kijijini, ili mtu aliyenyimwa nguzo za horini apate pengine pa kukata. Hawakumwambia tu asikate. Vanga nao wamefuata njia hiyo kwa eneo kubwa zaidi.

Lakini wakija watu Mida au Pate na makaratasi, msitie sahihi siku hiyo. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inaitaka miradi inayotumia ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii kila mwaka. Ulizeni asilimia hiyo inapigwa juu ya kiasi gani, kabla ya gharama zipi au baada ya zipi, nani anashika daftari, na je, mkataba ni wa miaka mingapi. Gazi ni wa miaka 20, na katika miaka hiyo yote anayetaka boriti ya kufunika nyumba yake lazima ajue atakwenda wapi. Mkiona mkataba hauna sentensi inayomhusu mtu huyo, urudisheni ukaandikwe upya.

Mchangiaji, Mokowe:

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, na chama chetu cha mazingira kimealikwa kupanda miche ya mikoko mwezi ujao. Tumeambiwa idadi tu, mahali tutaoneshwa siku hiyo. Sasa nimeusoma uzi huu nimeingiwa na hofu. Tukatae?

Mwanzisha uzi, Amu:

Usikatae mwanangu, na wala hujaingilia. Mwombe mwalimu wenu awaulize waandaaji mahali hapo ni wapi, kisha nendeni wiki mbili kabla, mara moja wakati wa bamvua na mara moja wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mtazame maji yanafika wapi na yanakaa kwa muda gani. Tafuteni visiki. Pakiwa na visiki, palikuwa na msitu, na mtu mzima wa karibu atawaambia ulikuwa wa mti gani. Pakiwa tope tupu lisilo na kisiki hata kimoja, ulizeni kwa nini, na mkiwa hamridhiki na jibu ombeni msogezwe. Tazameni pia kama kuna miche iliyojiotea. Ikiwa imejaa, eneo hilo halihitaji mikono yenu, na kazi yenye faida zaidi itakuwa kuondoa takataka na nyavu kuukuu zinazoisonga.

Mbegu ziokoteni katika hori lilelile au la jirani, chini ya miti iliyonyooka, na zile zenye matundu ya wadudu mzitupe. Msipande mkoko peke yake kwa sababu ndio ulioko mkononi. Mkandaa na mchu zinahitaji subira ya kitalu, lakini ndizo zinazokosekana nyuma huko. Chagueni mistari michache, muipige picha kwa tarehe, na mrudi nayo baada ya miezi sita, mwaka, na miaka mitatu, hata kama ninyi mtakuwa mmemaliza shule na mtawaachia wadogo zenu daftari. Idadi mtakayoipata iandikeni kama ilivyo, na mpelekeeni nakala afisa wa misitu wa kaunti, kwa barua yenye mhuri wa shule. Ninyi mkiwa na daftari hilo, na shule ya Faza wakiwa na lao, na Mkunumbi na lao, tutakuwa na hesabu ambayo siku ya mapumziko haiwezi kuitoa.

Nimemuuliza ami kama anaweza kufuatana nanyi siku ya kukagua mahali. Amekubali, mradi isiwe Ijumaa, na mafuta ya boti yawe juu yenu.